Gari Liliingia Mara Mbili, Likatoka Mara Moja

Bahasha zenye kidirisha cha nailoni huwa nazilaza kifudifudi juu ya friji mpaka siku yangu ya mapumziko. Hii ilifika Ijumaa, 29 Novemba 2024, na aliyeifungua ni Nasra, binti yangu wa miaka 13. Katika nyumba nyingi za watu wa kwetu hapa Coventry, mtoto ndiye katibu.

"Mama, umepigwa faini. Pauni mia."

Ndani mlikuwa na picha mbili za kigari changu cha kijivu, moja ya usoni, nyingine ya mgongoni, zilizopigwa kwenye maegesho ya eneo la maduka ninalopita karibu kila siku. Ya kwanza iliandikwa 09:12, yaani saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Ya pili 18:47. Tarehe, Jumanne ya 12 Novemba. Muda ulioegesha: saa 9 na dakika 35. Muda unaoruhusiwa: saa 3. Lipa pauni 100 ndani ya siku 28, au tukuhurumie kwa pauni 60 ukilipa ndani ya siku 14.

Nilianza kwa kucheka. Mimi nafanya kea, kazi ya kuhudumia wazee, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Jumanne ile nilikuwa na wazee saba. Gari langu kukaa mahali pamoja saa tisa na nusu maana yake wazee saba hawakuamshwa, hawakuoshwa, hawakula, na simu ya ofisi ingekuwa imelia mpaka ikayeyuka. Kicheko kilikatika nilipopiga hesabu. Kima cha chini wakati ule kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Hizo pauni 60 za "huruma" ni zaidi ya saa tano za kunyanyua watu wazima kutoka kitandani.

Nilijua kilichotokea. Asubuhi nilipita supamaketi kununua maziwa na boksi la glovu, dakika ishirini hivi, nikaondoka. Jioni, kiza kimeshaingia, nikarudi kununua kuku na sabuni ya unga. Kamera ikachukua kuingia kwangu kwa asubuhi na kutoka kwangu kwa jioni, ikavifunga pamoja kama kanga doti moja. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana sana katika biashara hii, na ndiyo maana kanuni za vyama vyao zinataka mtu mwenye macho akague picha kabla barua haijatumwa. Sijui yule wa siku ile alikuwa anatazama nini.

Nikawapigia ndugu. Kosa la kwanza.

Shemeji, mdogo wake baba Nasra, alisema kama alivyosema siku zote: "Dawa ya deni kulipa." Yeye ameshalipa tatu. Sikumlaumu, maana hofu yake naijua. Sisi tuliokuja na viza, kila barua yenye nembo tunaisoma kama imetoka kwa wenye kutuweka nchini. "Kesho unaomba uraia, shemeji, wanakuta una faini. Kwa pauni sitini tu?" Na mzee mmoja wa Kijiweni, jina tulilolipa duka la kahawa ambako wanaume wetu hukutana Jumamosi, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne wenye neno moja la maana: "Chana."

Basi jamii nzima imegawanyika hivyo, walipaji na wachanaji, na kila upande una mifano yake.

Wachanaji wanaishi miaka ya nyuma. Zamani kampuni hizi zilikuwa zinafunga tairi mnyororo, kama tulivyozoea Kariakoo. Kuanzia 1 Oktoba 2012 kufunga magari kwenye ardhi ya watu binafsi kukapigwa marufuku England na Wales, na sheria ileile ikawapa kampuni njia nyingine: kama hawamjui dereva, wanaweza kumdai mwenye gari aliyeandikishwa, mradi wafuate masharti. Watu wengi walisikia nusu ya kwanza ya habari, hawakusikia ya pili. Halafu kuna Barry Beavis, mwuza samaki na chipsi aliyezidisha dakika 56 juu ya saa mbili za bure kwenye maegesho ya maduka kule Chelmsford. Akadaiwa pauni 85, akakataa, akapanda nazo mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, na tarehe 4 Novemba 2015 akashindwa. Majaji walisema tozo ile ilikuwa imeandikwa wazi kwenye vibao vikubwa, na mwenye eneo ana sababu ya haki ya kutaka magari yazunguke. Ukichana leo, kesho inakuja barua ya wakusanya madeni imeongezewa pauni 70, na baadaye huenda ikaja karatasi ya mahakama ya madai. Wana miaka sita ya kukufuata. Namjua dada aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari. Barua zote zilikwenda kwa mpangaji mpya, akahukumiwa bila kujua, akaja kugundua siku anaomba mkopo wa kununua nyumba.

Walipaji nao wana kosa lao, na aliyelifichua ni Nasra. Alikuwa ameshika barua, anatafuna mkate, akasema, "Mama, neno faini halimo."

Halimo kweli. Tuliisoma mbele na nyuma, maandishi madogo ya kijivu na yote. Halmashauri ya jiji ikikukamata umepaki kwenye mstari wa njano, inakuletea karatasi yenye herufi PCN, na P yake ni ya Penalty, adhabu. Kampuni binafsi nayo inakuletea PCN, rangi zilezile za njano na nyeusi, ila P yake ni ya Parking, maegesho tu. Hiyo si bahati mbaya. Iliyo mezani kwangu ilikuwa ankara. Kuna mtu anadai kwamba kuingia kwangu pale kulikuwa mkataba, kwamba nimeuvunja, na kwamba nadaiwa. Si kosa la jinai, haiingii polisi. Cha kuogopa ni hukumu ya mahakama ambayo hukuilipa, na mimi nilikuwa mbali na huko.

Kwetu tumezoea kuita kila kitu faini, na faini ni neno la serikali, neno la afande. Ukiambiwa faini unatafuta wa kumbembeleza. Ukiambiwa dai, unauliza: la nani, la nini, na ushahidi uko wapi? Mimi nimekulia Tanga, bibi yangu akiuza soko la Mgandini. Mtu akija na dai pale, hata la shilingi hamsini, alisomewa nasaba yake kwanza. Nilishangaa jinsi bega langu lilivyoshuka baada ya kulibadilisha neno lile.

Tena Kariakoo mjomba wangu akifungwa mnyororo, alikuwa na mtu wa kugombana naye. Kijana wa fulana ya kung'aa, ana jasho, ana njaa, mnaweza kuapizana na mkaishia kunywa soda. Hapa hakuna kijana. Kuna kamera juu ya mlingoti, kuna kompyuta inayouliza DVLA, ofisi ya usajili wa magari kule Swansea, namba hii ni ya nani, kwa ada ya pauni 2.50, halafu kuna bahasha. Katika mwaka wa fedha 2023–24 kampuni za maegesho ziliomba anwani za wenye magari zaidi ya mara milioni 12. Huwezi kumwambia mlingoti "kaka, nielewe".

Jumapili usiku, tarehe 1 Desemba, nikaandika rufaa kwenye tovuti yao. Nimeihifadhi. Sentensi ya kwanza ilisema: niliingia asubuhi, nikatoka, nikarudi jioni. Nikabofya, nikalala usingizi wa haki.

Kesho yake nikamsimulia kaka mmoja wa Mombasa anayeendesha teksi, ambaye kwa mambo ya maegesho ni sheikh. Aliisoma barua kwenye simu yangu tukiwa tumesimama mvuani. Akauliza, "Hii barua waliandika lini?" Tarehe 27 Novemba. Akahesabu kwa vidole. Kama hawakukubandikia karatasi kwenye kioo, sheria ya 2012 inataka notisi imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, ukianza kuhesabu siku inayofuata tukio. Za kwangu ziliisha tarehe 26. Barua iliandikwa siku moja baada ya muda kwisha, acha siku za posta.

"Dada, hii ulikuwa ushamaliza! Mwenye gari hadaiwi tena, na dereva hawamjui." Kisha akanitazama. "Hukuwaambia aliyekuwa akiendesha ni nani, sivyo?"

Niliingia. Nikatoka. Nikarudi.

Silabi moja, *ni*. Kwa Kiingereza ni herufi moja tu. Kiswahili chetu kina mlango mzuri wa kutokea: gari liliingia, gari likatoka, gari likarudi; hakuna aliyesemwa na hakuna uongo uliosemwa. Lakini nani anaandika rufaa kama karani? Unaandika kama mtu aliyeonewa, na aliyeonewa husema mimi. Nilijiuliza pia kama ni uungwana kujificha nyuma ya gari. Nimeamua ni uungwana wa kutosha. Sheria inawapa wao haki ya kumdai asiyeendesha, kwa sharti la siku 14. Hawawezi kula nyama wakaacha sharti kwenye sahani. Ila mimi sharti hilo nilikuwa nimeshalitupa mwenyewe.

"Haidhuru," alisema yule kaka. "Una jambo la kweli, tulishike hilo. Waombe picha zote."

Hapa ndipo penye utamu, na laiti ningelikuwa na nafasi moja tu ya kusema na watu wetu ningesema hili. Namba ya gari lako ni taarifa yako binafsi. Sheria ya ulinzi wa taarifa inakupa haki ya kumwomba yeyote anayezishika akupe nakala, bure, ndani ya mwezi mmoja. Nikaandika barua pepe kwa anwani ya faragha iliyo chini kabisa ya tovuti yao: naomba kila picha na kila kumbukumbu ya namba hii ya gari kwa tarehe 12 Novemba, milango yote, kuingia na kutoka. Tarehe 3 Desemba.

Wakati nasubiri, nikatafuta ushahidi wa upande wangu. Nilidhani nitaokota kama embe chini ya mti. Risiti ya petroli ya saa saba mchana, ng'ambo ya mji, ilikuwa na saa na tarakimu nne za kadi yangu, lakini haikusema petroli ile iliingia gari gani. Ramani ya simu yangu ilionyesha nilikozunguka mimi. Simu si gari. Ushahidi mzito ulikuwa programu ya kazini, maana kila nyumba ya mzee tunagusisha simu ukutani kuingia na kutoka, dakika kwa dakika. Lakini mle mna majina na anwani za watu wasiojiweza, na meneja alikataa kata kata. Alikuwa sahihi, ingawa siku ile sikumwambia hivyo. Tukakubaliana aniandikie barua yenye saa tu: mzee wa kwanza, mzee wa pili, mpaka wa saba, na maelezo kwamba umbali wa nyumba hizo hauendeki kwa miguu. Ilimchukua siku tisa kuiandika mistari hiyo minane.

Nikaenda pia kulitazama lango. Eneo lile lina milango miwili, na asubuhi mimi hutokea wa nyuma, upande wa majengo ya mazoezi, kwa sababu unanitupa moja kwa moja barabara ya mzee wa saa nne. Kamera ya pale iko juu ya mlingoti mfupi, na malori ya supamaketi husimama mbele yake yakisubiri kushusha. Nilisimama dakika kumi na tano nikahesabu magari manne yaliyotoka yamejibanza nyuma ya lori, namba hazionekani hata kwa macho yangu. Kijana anayekusanya vitoroli akanisogelea. Nilidhani atanifukuza. "Umepata barua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu wa msibani, akaendelea kusukuma.

Tarehe 16 Desemba jibu la rufaa likaja: hapana. Wamezingatia maelezo yangu kwa uangalifu, picha zinaonyesha saa 9 na dakika 35, asante kwa mawasiliano. Chini yake, vitu viwili vimewekwa bega kwa bega kwa ustadi wa mvuvi. Kimoja ni pauni 60 tena, mpaka tarehe 30. Kingine ni namba ya kupeleka rufaa POPLA, chombo huru cha rufaa kwa kampuni zilizo chini ya chama kinachoitwa BPA. Walio chini ya chama kingine, IPC, wana chombo chao, IAS. POPLA ni bure, una siku 28, na uamuzi wake unaibana kampuni lakini haukubani wewe. Ila ukienda huko ukashindwa, punguzo limekufa. Ni mia.

Niseme ukweli, wiki ile nilikaribia kulipa. Mtu hashindwi kwa hoja, anashindwa kwa kuchoka, na waliopanga siku 14 hizo zimalizike katikati ya Krismasi na mwaka mpya wanaijua kazi yao. Picha nilizoomba zilikuwa hazijaja. Baba Nasra, ambaye katika habari yote hii alikuwa amekaa kimya akitazama mpira, alisema tu, "Tumekula hasara kubwa zaidi ya arobaini." Arobaini ndiyo tofauti ya mia na sitini. Nilipenda jinsi alivyoliweka. Tarehe 30 ikapita usiku, nikiwa zamu.

Tarehe 2 Januari picha zikaja, ndani ya faili lenye nywila. Tulikaa sebuleni, Nasra akafungua. Picha ya kwanza, 09:12, kuingia. Tunaijua. Ya mwisho, 18:47, kutoka. Tunaijua. Katikati palikuwa na picha ya tatu, ambayo haikuwa kwenye barua wala kwenye jibu la rufaa. Taa za mbele zimewashwa, lami imelowa, na kwenye kiti cha mbele cha abiria linaonekana koti langu la kazi limetupwa. 18:23. Chini yake, kwa herufi kubwa za mashine: kuingia.

Nasra aliisoma mara mbili. "Mama, sasa liliingiaje tena kama halikutoka?"

Picha hiyo walikuwa nayo wao tangu Novemba. Lori lililala na picha yangu ya kutoka asubuhi, sawa, lori halina kosa. Lakini hii ya jioni ilikuwa kwenye mashine yao siku waliyoandika barua, na ilikuwepo siku waliyozingatia kwa uangalifu.

Rufaa ya POPLA niliiandika kwa usiku mitatu. Kurasa kumi na moja. Safari hii hakukuwa na vilio, wala hadithi ya wazee wangu, wala ugumu wa maisha. Wale wasuluhishi hawapimi huruma, wanapima kama dai limesimama. Ukurasa wa nne ndio niliojivunia: picha tatu kwa mstari mmoja, na kati ya ya kwanza na ya pili Nasra alichora mshale mwekundu na alama ya kuuliza. Ukurasa wa tano barua ya meneja. Wa sita lango na malori. Hoja ya siku 14 niliiweka mwishoni, kwa aibu kidogo, kama mtu anayedai chenji aliyoisahau dukani jana. Nikatuma tarehe 5 Januari.

Ndugu walioko Glasgow, msinifuate neno kwa neno, sheria ile ya kumdai mwenye gari si ya Scotland.

Jibu lilikuja kabla Januari haijaisha, nikiwa jikoni kwa mzee wangu wa nne nasubiri maji yachemke. Mistari miwili. Kampuni imeamua kutoipinga rufaa. Kwa hiyo rufaa imekubaliwa na tozo imefutwa. Hawakusema samahani wala hawakueleza kwa nini. Hakuna aliyefungua ukurasa wa nne. Nilisimama pale na birika linapiga mluzi, nikajikuta nina kinyongo cha ajabu, kama mtu aliyevaa vizuri kwenda shaurini akakuta mshtaki hakutokea. Nilitaka mtu aseme kwamba gari haliwezi kuingia mara mbili likatoka mara moja. Nilitaka iandikwe.

"Habari mbaya?" mzee akauliza.

Nikamwambia nimeshinda kesi. Akataka kujua ya nani, nikamsimulia yote wakati namkatia mkate. Akasema yeye alilipa mbili mwaka juzi, kabla hajaacha kuendesha, na hakumwambia mwanawe.

Jumapili iliyofuata shemeji akaja bila kupiga simu. Akakaa ukingoni mwa kochi, akanywa chai yote, akasifu mandazi, akauliza hali ya kila mtu mpaka wa Tanga. Mwishowe akatoa bahasha ndani ya koti. Ya kidirisha.

"Shemeji, sijalipa," alisema. "Nimesema nikuonyeshe kwanza. Mimi siku ile nilipeleka—"

"Ba'mdogo!" Nasra alishafika na laputopu, ameinua mkono kama trafiki. "Usituambie nani alikuwa anaendesha."